Asali Niliyoipika kwa Mkono Wangu

Kitu cha kwanza nilichokichukia kwa mama mkwe wangu kilikuwa mate yake.

Alikuwa akitafuna majani ya mubirizi, ule mti mchungu unaoota kando ya nyumba nyingi kwetu, shavu limetuna kama la mtu mwenye jino bovu. Kisha anatema ule uji wa kijani juu ya kidonda cha mtu na kuusambaza kwa kidole gumba. Mimi nilikuwa muuguzi. Nilisomea kazi hiyo Butembo miaka minne, nikafundishwa kuchemsha mikasi, kunawa mikono hadi kwenye viwiko, na kutogusa kidonda kwa kidole kitupu hata kama ni cha mama yangu mzazi. Siku ya kwanza nilipomwona anatema, nilitoka nikasimama nyuma ya jiko, mkono mdomoni, nikimeza na kumeza ili nisitapike mbele ya wagonjwa wake.

Sikwenda kuishi kwake kwa kupenda. Kituo cha afya nilichofanyia kazi, upande wa Rughenda, kiliporwa mara mbili katika vita vya pili. Mara ya kwanza walibeba dawa, magodoro na hata milango. Mara ya pili hawakukuta kitu cha kubeba, basi wakakunya katika chumba cha kuzalishia, juu ya kitanda chenyewe. Nilisafisha mimi, kwa majivu na maji ya moto, na nilipomaliza nilijua kwamba sitarudi humo. Mume wangu alisema, "Panda kwa mama, kule Musienene. Kule kuko angalau chakula." Chumba chetu cha Butembo tulikihifadhi kwa ajili ya biashara yake. Mimi nikapanda mlimani na nguo zangu, sanduku dogo la bandeji, na kiburi changu.

Mama mkwe alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mikono mirefu isiyotulia. Alikuwa na shamba la maharagwe na viazi, na juu ya shamba kulikuwa na kijisitu ambacho marehemu mume wake alimwachia. Majirani walikuwa wamekwisha kukata misitu yao yote kuchoma makaa. Yeye alikataa. Mle ndani alikuwa na mizinga kumi na saba, magogo yaliyotobolewa katikati, yamezibwa kwa maganda ya mgomba na kupakwa mavi ya ng'ombe. Nyuki wake walipata maua ya mikaratusi, ya maharagwe, ya kahawa ya jirani, na ya vichaka ambavyo wengine waliviita takataka. Alikuwa na sheria ambazo hakuna aliyemwandikia. Gome la dawa alilichuna upande mmoja tu wa mti, kisha akalipaka jeraha la mti udongo mbichi. Mzizi hakuung'oa wote. Asali hakuitoa wakati wa mvua ndefu, na hakumaliza masega yote ya mzinga hata siku moja.

"Ukikuta mutu anakula, utamuondolea sahani yote mbele yake?" aliniuliza siku ya kwanza aliponipeleka kule juu. "Unamuachia. Naye atakuachia kesho."

Siku hiyo alinipa kipande cha sega. Kilikuwa na asali upande mmoja, na upande wa pili kulikuwa na majana, watoto wa nyuki, weupe, wanene, wamejikunja kama funza katika vijumba vyao. Nilikiweka mdomoni kwa heshima kwa sababu alikuwa ananitazama. Kimoja kilipasuka kati ya meno yangu. Alicheka mpaka akashika mti. "Mama wa mujini," alisema. "Tema. Upande ule si wa kula. Nilitaka kuona utafanya nini."

Kilichonibadilisha ni mguu wa mwanaume mmoja. Alikuwa mkulima wa bonde la jirani, alipigwa kwenye kizuizi cha askari, na kovu la zamani katika muundi likapasuka. Alipofika kwetu mguu ulikuwa umevimba kama kinu, na harufu yake ilitangulia mlangoni. Nilijua katika moyo wangu kwamba huo ni mguu wa kukatwa. Mama mkwe alinitazama akaniambia, "Osha wewe, kwa masomo yako. Kisha mimi nitaweka asali." Nikaosha kwa maji ya chumvi yaliyochemka, nikatoa nyama iliyokufa. Akamimina asali, nene, nyeusi kidogo, ile ya mikaratusi, nikafunga. Kila siku tulirudia. Siku ya tano harufu ilikwisha. Wiki ya tatu nyama mpya, nyekundu kama ndani ya pera, ilikuwa imejaza shimo lote. Nilisimama na kipande cha kitambaa mkononi nikaona aibu, aibu ya mtu aliyedharau.

Ndipo tulipofanya mapatano. Nilimwambia kwamba majani yatwangwe katika kinu, kwa maji yaliyochemka, wala yasitafunwe.

"Mate yangu inakudhuru?" aliuliza.

"Mama, unisamehe. Kabisa inanidhuru."

Akacheka tena, na tangu siku hiyo hakutema juu ya mtu. Nilimfundisha kuchemsha vitambaa. Yeye alinifundisha kutambua asali kwa ulimi, hii ya maharagwe, hii ya kahawa, na kukaa karibu na mzinga bila kupumua kwa pupa. Watu walianza kusema kwamba kwa yule mama sasa kuna hospitali. Chupa za asali ya dawa, asali safi iliyochujwa, alizipanga kwenye ubao wa juu katika chumba chake cha kulala, na hazikuuzwa. Asali ya kuuza ilikuwa nyingine. Ile ya juu ilikuwa ya vidonda.

Sasa nije kwa mume wangu.

Alikuwa mfanyabiashara. Aliteremsha maharagwe na viazi hadi Beni, akapandisha mafuta ya mawese na chumvi. Barabara ilikuwa na vizuizi, kamba moja baada ya nyingine, na kwenye kila kamba askari wa uasi walichukua walichotaka. Siku moja alichukuliwa chupa ya asali ya mama yake, na chupa hiyo ikafika kwa komanda mmoja aliyekuwa na makao yake pale Beni, mtu kutoka mkoa wa mbali. Komanda akamwita. Akamwambia kwamba akimletea bidoni moja, dumu zima la asali, kila wiki, hakuna kamba itakayofungwa mbele yake tena.

Mume wangu alipanda mlimani akiwa anang'aa. Mama yake alimsikiliza, akampa bidoni moja, asali halisi, akasema, "Hii njo mwisho. Mpaka mikaratusi itoe maua tena."

"Mama, miezi mine!"

"Nyuki hapana askari. Hazipokee order."

Wiki iliyofuata nilishuka Butembo siku ya soko. Nilimkuta mume wangu chumbani kwetu na mfuko wa sukari, sufuria kubwa ya harusi, na ndimu. Hakuniangalia usoni.

"Pika," alisema.

"Nipike nini?"

"Unajua. Wewe njo ulisoma. Pika mpaka ifanane."

Ningeweza kukataa. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisimulia vita husema kila mara kwamba hawakuwa na njia. Mimi nilikuwa nayo. Nilikuwa na miguu, na barabara ya kwenda Musienene ilikuwa mbele ya mlango. Lakini niliona kamba zile zote zikifunguka mbele ya mume wangu, chumvi ikifika nyumbani, sabuni ikifika, nikawasha makaa.

Niliunguza sukari kidogo kwanza ili ipate rangi. Kisha nikaongeza sukari nyingine, maji, maji ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na ndimu ili isigande. Nilikoroga mpaka mvuke ukanishika nywele. Haikufanana. Ilikuwa tamu kijinga, tamu ya upande mmoja, bila mti wala ua ndani yake. Wiki ya pili niliongeza nta halisi. Wiki ya tatu, na hili ndilo linalonichefua hadi leo ninapoliandika, nilikuwa naokota nyuki waliokufa chini ya mizinga ya mama mkwe, nawafunga katika pembe ya kitenge, nashuka nao Butembo, na kuwatia mmoja mmoja juu ya ule uji wangu. Mtu akifungua kifuniko na kuona nyuki anaelea, haulizi tena. Mama mkwe aliniona siku moja nimeinama chini ya mzinga. Alidhani ninasafisha. Aliniambia, "Wasingya, mwali wangu." Asante. Nami niliitikia.

Miezi miwili nilipika. Komanda aliridhika. Maduka mawili ya Butembo nayo yakaanza kuagiza, na mume wangu hakuwa mtu wa kusema hapana. Nywele zangu zilinuka sukari iliyoungua hata nikiosha. Nilianza kuchukia chai.

Kisha mama mkwe alikwenda kwenye kilio cha dada yake, upande wa Lubero, akaniachia wagonjwa. Siku ya pili mume wangu alipita nyumbani, akakaa muda mfupi tu, akasema amefuata viatu. Sikujali.

Kesho yake asubuhi aliletwa mwanamke mmoja. Alikuwa amekimbia kutoka Mbau pamoja na mama yake mzee, akapanga kibanda karibu na soko letu, akawa anakaanga mikate ya mafuta. Askari mmoja mlevi alitaka mikate bila kulipa, akakataliwa, akaipiga teke mbabula, jiko la makaa la kukaangia. Karai lote la mafuta ya moto lilimwagikia mkono wa kulia wa yule mwanamke, kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Alikuwa halii. Alikuwa anatazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine.

"Mama infirmière," alisema, maana ndivyo kwetu tunavyomwita muuguzi, "huu njo mukono ninafanyiaka kazi."

"Utapona," nilimwambia. "Tuna asali."

Nikaosha. Nikaenda kwenye ubao wa juu, nikateremsha chupa, nikaifungua.

Ndimu.

Nilisimama pale katika chumba cha mama mkwe na chupa puani. Nikafungua ya pili. Ndimu. Ya tatu, ya nne. Chupa zote tano za dawa mume wangu alikuwa amezibeba, akaacha nyingine zilizojaa uji wangu. Baadaye nilisikia kwamba mkubwa wa komanda, mtu aliyeijua asali, alikuwa anakuja kutembelea Beni, ndiyo sababu.

Hapa ndipo pa kusema kweli. Nilijua. Ningeweza kumwambia yule mwanamke, ngoja, nenda hospitali ya mjini leo hii, nitakutafutia watu wa kukubeba. Au ningepanda kijisituni kukata sega moja, hata kama haukuwa wakati wake. Lakini mama mkwe angerudi na kuuliza kwa nini nilifungua mzinga wakati chupa zipo. Nikajiambia kwamba hata shuleni tulifundishwa kuwa sukari hukausha kidonda. Ni kweli, sukari kavu, safi. Haikuwa hii yangu ya maji ya ndizi, iliyokwisha kuanza kutoa povu shingoni mwa chupa. Nikamimina. Nikafunga bandeji vizuri sana. Sijawahi kufunga bandeji nzuri kama ile.

Siku ya pili nilifungua nikaona wekundu, nikasema ni kawaida. Siku ya tatu sisimizi walikuwa wamefuata utamu mpaka kitandani kwake. Siku ya nne kitambaa kilinuka kama kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ile niliyoijua kutoka kwenye mguu wa yule mkulima. Nilipobandua tabaka la mwisho, mabuu walikuwa wanatembea kati ya vidole vyake. Yule mwanamke aliona uso wangu kabla hajaona mkono wake.

Mama mkwe alirudi siku hiyohiyo, mchana. Aliingia bado na vumbi la safari miguuni, akasimama mlangoni, pua ikafanya kazi. Hakusalimia mtu. Alikuja, akauinua mkono ule kwa upole, akaugeuza, akauweka chini. Kisha akachukua chupa pembeni mwangu, akachovya kidole, akaonja.

Akatema nje ya mlango, akarudi.

"Hii hapana nyuki," alisema. "Hii ni mutu."

Akanigeukia.

"Mwali. Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Mbele ya kumupakaa, ao nyuma?"

"Mbele."

Hakunipiga. Natamani angenipiga. Alikwenda kuita wanaume wanne, wakatengeneza kipoyo cha miti na blanketi, wakambeba yule mwanamke hadi hospitali, na mama yake akafuata nyuma na sahani moja na kikombe. Mimi nilitembea kando ya kipoyo nikifukuza nzi. Hospitalini walifanya walichoweza. Walikata mkono juu kidogo ya kifundo. Daktari alisema kwamba angefika siku tatu mapema, labda vidole viwili tu vingepotea. Alisema bila hasira, kwa sababu alidhani ni mambo ya kawaida ya watu wa kijijini na miti-shamba yao. Sikumsahihisha. Niliacha lawama iangukie majani ya mama mkwe.

Niliporudi nilimkuta anabeba zile chupa zote kuelekea choo cha shimo. Nilisema nimsaidie, niumwage uji ule kwenye shamba la ndizi, karibu.

"Hapana pale," alisema bila kunitazama. "Nyuki zitakuja kunywa. Zitabeba uchafu yako mpaka ndani ya nyumba yao." Akamimina chooni, chupa moja baada ya nyingine, kisha majivu juu yake.

Mume wangu aliitwa, akaja. Alisimama katikati ya ua na viatu vipya.

"Mama, ni sukari tu," alisema. "Batu banakula sukari kila siku. Hakuna mutu nilimupatia sumu. Mimi nilijua nini juu ya mukono ya ule mama?"

"Ulijua ubao ule ni wa nini. Tangu ungali mutoto, ulijua."

"Lakini Mama, ni vita!"

"Vita iliingia chumba yangu, ikafungua chupa yangu?" alimwuliza. "Mimi niliona viatu yako katika udongo. Sikuona ya vita."

Mume wangu alishuka bila kunywa maji. Mimi nilibaki, na sikujua kama nimebakizwa au nimesahauliwa. Mama mkwe alizungumza nami kwa mambo ya kazi tu: chota, chemsha, shika.

Halafu uji wangu ukajitangaza wenyewe. Bidoni moja ilikuwa ndani ya gari la komanda, juani, siku nzima. Ikachacha, ikavimba, ikapasuka. Iliruka juu ya viti, juu ya sare, juu ya redio yake. Wanasema gari lilinuka pombe mbovu mwezi mzima, na nzi hawakutoka. Nilipoisikia habari hiyo nilicheka, na kicheko changu kikanitia kinyaa, maana nilijua hasira ya komanda ingetafuta mtu.

Jumapili moja tulikuwa tumetoka misa. Mama mkwe alikuwa bado na kitenge chake cha kanisani. Tuliona gari likipanda, kisha askari saba, na mbele yao, akionyesha njia, mume wangu. Walikuwa wamempiga. Jicho moja lilikuwa limefumba. Alituepa, akapita kando ya jiko, akawapeleka moja kwa moja kwenye kijisitu. Kijia kile alikijua tangu alipoanza kutembea.

"Mafuta ya nzoi!" walikuwa wakiimba kwa Lingala, kama watoto wanaokwenda sherehe. Asali. "Mafuta ya nzoi!"

Tulikimbia nyuma yao. Hawakujua kufungua mzinga, wala hawakutaka kujua. Walimwaga petroli, wakawasha nyasi, wakavuta magogo chini kwa kamba yakapasuka. Nyuki walitoka kama moshi mwingine, wakaungua hewani, wakadondoka wakiwa bado wanatikisa miguu. Kelele yao nilikuwa sijawahi kuisikia. Mikaratusi mitatu ilishika moto. Askari walijifunika mablanketi, wakachomoa masega kwa mikono, wakala palepale. Walikula kila kitu. Walitafuna majana, na maziwa yale meupe ya watoto wa nyuki yakawatiririka kwenye kidevu na shingo, yakichanganyika na masizi na asali. Mmoja alikula akatapika, akajifuta, akala tena. Nimeona maiti katika vita ile, nimeona mambo ambayo sitayaandika. Lakini nikiambiwa neno "vita", kinachokuja mbele yangu ni kidevu kile.

Mume wangu alikuwa amesimama na shati puani. Nilimfuata.

"Ni mama yako," nilimwambia.

"Heri nyuki kuliko mimi," alijibu. "Walisema bataniua. Ungefanya nini, wewe?"

Mwaka ule nilikuwa nimekwisha kuonyesha ningefanya nini.

Mama mkwe alimkaribia mwanawe. Nyuki walikuwa wamemchoma usoni na kwenye mikono, hakuwa anawafukuza. Alizungumza kwa sauti ndogo, kama mtu anayemweleza mtoto kazi ya kesho.

"Ungekuja kuniambia. Ungesema, Mama, batu banataka kuniua. Ningetoa asali yote na mikono yangu, mizinga kumi na saba, mimi mwenyewe, na wewe ungepona, na nyuki ingebaki. Juu ya nini hukusema?"

Akalia, yule mwanaume mzima na jicho lake moja. Kisha askari wakamwita na akaenda. Alihamia Beni, akawa mtu wa kuwatafutia wale askari vitu: mbuzi, mabati, mafuta. Alipata mwanamke mwingine huko. Aliniletea ujumbe mara moja kwamba nikitaka nishuke. Sikushuka. Watu wa ukoo walisema kwamba mimi ni mke mbaya, na mama mkwe akawajibu, "Ni mubaya, ndiyo. Lakini iko hapa."

Mizinga mitatu ilipona kwa sababu ilikuwa chini, karibu na kijito, nyuma ya matete, na mume wangu aliisahau au hakuitaja. Sijui. Sikumwuliza. Tulifagia wale waliokufa kwa mafagio ya uani, makarai na makarai, tukawazika chini ya miti iliyoungua. Mama mkwe alifanya ishara ya msalaba, akaenda kupika. Kwa majuma kadhaa udongo pale ulinuka mzoga mtamu. Mwaka uliofuata tulichonga magogo mapya, tukayapaka nta ndani, tukayaweka na kungoja makundi yahame yenyewe. Tulipanda miche ya mikaratusi, na vichaka vile vya takataka tukaviacha viote juu ya shamba. Sikuruhusiwa kugusa ubao wa juu. Miaka miwili mama mkwe alipanda kiti mwenyewe, na goti lake baya, kuteremsha chupa, huku mimi nimesimama chini na mikono mitupu.

Yule mwanamke wa Mbau hakurudi kwao. Alijifunza kukaanga kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa ninampita sokoni, ninainamisha kichwa. Aliendelea kuniita mama infirmière na kunisalimia vizuri, kwa sababu aliamini niliyoyaacha yaaminiwe: kwamba kidonda kiliharibika chenyewe, kama vidonda vinavyofanya. Salamu zake zilikuwa mbaya kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia. Siku moja, soko likiwa linaisha, niliketi kando ya mbabula yake nikamwambia yote. Sukari, ndimu, nyuki waliokufa. Kwamba nilinusa kabla sijamimina.

Alisikiliza huku akigeuza mikate. Aliitoa, akaipanga, akafuta mkono kwenye kitambaa.

"Juu ya nini unaniambia leo?" aliuliza.

"Nilichoka kubeba."

"Ah. Ulichoka." Alinitazama kwa muda. "Basi sasa wewe utalala. Na mimi nitaanza kukuwaza wewe, usiku na muchana. Mbele nilikuwa nawaza tu ule askari, naye hata simujue sura. Sasa umeniletea sura."

Nilitaka kupiga magoti. Alinizuia kwa kile kipande cha mkono wake, akakiweka kati yetu.

"Usifanye hivyo hapa. Batu banaangalia. Simama, uende."

Nikasimama nikaenda.

Sokoni hakumwambia mtu. Mama yake mzee alikuwa na kikohozi cha baridi ya mlimani, na kila msimu alikuja kwetu kuchukua majani na kikombe cha asali. Tangu siku ile alingoja uani mpaka mama mkwe atoke. Akinikuta mimi peke yangu, alisalimia, akasema atarudi, akarudi kweli, hata kama ilikuwa mara ya tatu siku ileile na mvua inanyesha. Kutoka mkononi mwangu hakupokea kitu.